UZI: Kabila lenu lina watu wangapi? Niambie kwanza swali liliulizwaje

1/ Kila mjadala wa siasa ukipamba moto, lazima mtu atoe jedwali la sensa. "Sisi tuko milioni kadhaa, nyinyi mko wangapi?" Wa pili naye anatoa jedwali lake, na lake linasema mambo tofauti. Halafu unakuta majedwali yote mawili ni ya serikali. Leo wacha nieleze jinsi hilo linavyowezekana. Sitataja mwanasiasa wala chama. Chai iko? Twende.

2/ Tuanze na hesabu moja ya kushangaza. Sensa ya 1969 ilipata Watugen zaidi ya 130,000. Sensa ya 2009 ikapata Watugen karibu 110,000. Katika miaka hiyo 40, Wakenya wote walitoka karibu milioni 11 wakafika milioni 38.6. Nchi imeongezeka zaidi ya mara tatu, lakini Watugen, ati, wamepungua.

3/ Hakuna tauni iliyopita Baringo ikawamaliza. Wala hawakuhama nchi usiku. Watu wapo, wameoa, wamezaa, wamejenga. Kilichobadilika ni jina ambalo mtu anataja akiulizwa, na mahali ambapo jina hilo linaandikwa. Ukilielewa hili, nusu ya kelele za sensa hazitakusumbua tena.

4/ Hebu tuangalie kazi yenyewe inavyofanyika. Afisa wa sensa anafika kwenu usiku ule au siku zinazofuata. Anazungumza na mtu mmoja, mara nyingi mwenye boma au yeyote mkubwa aliyepo. Huyo mmoja anajibu kwa niaba ya wote waliolala hapo. Kuna swali fupi la kabila au uraia. Jibu linageuzwa kuwa namba iliyoko kwenye orodha ya Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS).

5/ Kwa hivyo kabla jina lako lifike kwenye jedwali limepita milango mitatu:
– Swali: umeulizwa kabila, au ukoo ndani ya kabila?
– Orodha: je, jina ulilotaja lina namba yake?
– Mjibu: nani alisema, wewe au baba mwenye nyumba?
Mlango mmoja ukibadilika, hesabu inabadilika hata kama hakuna mtu aliyezaliwa wala kufa.

6/ Mlango wa kwanza, swali. Mwulize mzee wa Kapkatet kabila lake. Anaweza kusema "Mkipsigis". Anaweza kusema "Mkalenjin". Yote ni kweli. Mwulize mama wa Bungoma, anaweza kusema "Mbukusu" au "Mluhya". Mwulize mzee wa Kaloleni, ni "Mgiriama" au "Mmijikenda". Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amejibu kwa kiwango alichodhani umeulizia.

7/ Na hayo majina makubwa si ya tangu enzi za mababu, ndugu zangu. "Kalenjin" lilianza kushika miaka ya 1940 kupitia wanafunzi na matangazo ya redio. Maana yake ni kama "nawaambia". "Mijikenda", yaani miji tisa, nalo lilishika miaka hiyohiyo, likachukua nafasi ya "Wanyika", jina ambalo wenyewe hawakulipenda. "Luhya" vilevile ni jina la karne iliyopita.

8/ Sisemi majina hayo ni ya uongo. Watu waliamua kuungana wakajipa jina, na hiyo ni haki yao. Ninachosema ni hiki: mtu ana majina mawili au matatu ya kweli kwa wakati mmoja, na fomu ya sensa ina nafasi ya moja tu. Anayeandika swali na orodha ndiye anayeamua ni lipi litahesabiwa.

9/ Mlango wa pili, orodha. Hapa ndipo kazi iko. Mwaka 1969 Wakipsigis, Wanandi, Watugen, Wakeiyo, Wamarakwet, Wapokot na Wasabaot walihesabiwa kila mmoja kivyake. Wakipsigis walikuwa karibu 471,000, nyuma ya Wakisii, Wameru na Wamijikenda. Ukiangalia jedwali hilo haraka, hakuna jamii kubwa ya Kalenjin unayoiona.

10/ Sasa jumlisha hizo saba. Unapata karibu milioni 1.19, sawasawa na Wakamba wa mwaka huo. Watu ni walewale, usiku ni uleule. Wakiwa saba wanaonekana jamii za wastani. Wakiwa kitu kimoja wanaingia kwenye tano bora za nchi. Na kweli sensa ya 1979 ikawaweka chini ya jina moja: Kalenjin, karibu milioni 1.65.

11/ Hapo hapo nimalize na wimbo wa "makabila 42". Watafiti waliofuatilia asili ya hiyo 42 wanaielekeza kwenye orodha ya sensa ya 1969. Maana yake? Ndani ya 42 hiyo Wanandi ni kabila, Wakipsigis ni kabila, lakini Waluhya wote, pamoja na Wabukusu na Wamaragoli, ni kabila moja. Wamijikenda wote tisa pia ni kabila moja.

12/ Kwa hivyo ukimsikia mtu anasema "sisi ni makabila 42" na dakika hiyohiyo anasema Kalenjin ni kabila moja, jua hesabu yake haifungi. Ukiwaunganisha hawa, 42 inapungua. Ukiwagawa Waluhya na Wamijikenda vile wale walivyogawanywa, inapita hapo mbali. Orodha za 2009 na 2019 zina majina zaidi ya mia moja ukihesabu na ya ndani.

13/ Na serikali yenyewe imeshaongeza: Wamakonde walitambuliwa kama kabila la 43 na Wakenya wenye asili ya Asia kama la 44, zote mwaka 2017. Wapemba wakafuata 2023. Kutambuliwa kunakuja na kitambulisho, shule, ardhi, bima. Ndiyo maana watu wanapigania namba kwenye orodha. Si fahari tu.

14/ Waulize Wanubi. Wamekaa Kibra zaidi ya karne nzima. Kwa miaka mingi sensa haikuwa na namba yao, wakatupwa kwenye "Wengine". Mwaka 2009 wakapata namba yao, wakahesabiwa 15,463. Mwaka 2019 wakawa 21,319. Kabla ya 2009 walikuwa wapi? Palepale. Wanapika, wanalipa kodi, wanazika. Karatasi ndiyo haikuwaona.

15/ Sasa mniangalie hizi, za 2009 na 2019:
Waswahili: 110,614 → 56,074
Waogiek: 78,691 → 52,596
Wasengwer: 33,187 → 10,800
Waelmolo: 2,844 → 1,104
Kumbuka nchi yote iliongezeka kutoka milioni 38.6 hadi milioni 47.6 katika miaka hiyohiyo.

16/ Jamii inayopoteza theluthi mbili ya watu wake kwa miaka kumi bila vita, hiyo ingekuwa habari ya dunia nzima. Hatukuona makaburi hayo. Basi ukiona mshuko wa namna hii, jambo la kwanza kukagua ni uainishaji: nani aliandikwa chini ya jina gani, na nani safari hii alitaja jina lingine. Ukoo uliowekwa nje ya jina fulani unaondoka na watu wake wote.

17/ Chukua Waswahili wa Pwani. Kuna Waamu, Wavumba, Wabajuni, Wasiyu, Wapate, Wajomvu na kadhalika. Mtu wa Lamu akiulizwa kabila, anaweza kujitaja kwa mji wake, kwa ukoo wake, au kwa jina la jumla "Mswahili". Wapo pia wanaojiita Waarabu na majirani zao wakawaita Waswahili. Hesabu ya "Waswahili" inategemea ni majina mangapi kati ya hayo umeyaweka kwenye kapu moja.

18/ "Lakini hayo ni ya Kenya, sisi na ukabila wetu." Hapana. Twende Kanada. Mwaka 1991 fomu iliuliza asili ya mababu. Waliosema "Mkanada" walikuwa kama asilimia 4. Mwaka 1996 fomu ikaweka neno "Mkanada" kwenye mifano iliyo chini ya swali. Waliolitaja wakapanda hadi karibu asilimia 31. Miaka mitano tu. Wameona mfano, wakasema, kumbe hili pia linakubalika.

19/ Marekani nao. Fomu ya 1990 iliwauliza watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini watoke kundi gani, na ikatoa mifano: Wakolombia, Wadominika, Wasalvador na wengine. Mwaka 2000 mifano ikaondolewa. Zaidi ya watu milioni 6 wakajibu kwa jina la jumla tu bila kutaja nchi. Wadominika na Wakolombia wakaonekana wachache kuliko walivyokuwa. Mwaka 2010 mifano ikarudishwa.

20/ Unaona sasa? Mfano mmoja mdogo chini ya swali unaweza kuhamisha mamilioni. Na sisi hapa hatuna hata mifano. Tuna orodha mkononi mwa afisa, na saa ni za jioni, na ana nyumba nyingine kumi za kumaliza. Ukimwambia jina la jumla, ana sababu gani ya kukuuliza mara ya pili?

21/ Mlango wa tatu, mjibu. Baba ni Mkamba, mama ni Mtaita, watoto watatu. Afisa anauliza, anayejibu ni baba. Watoto wote Wakamba. Siku hiyo baba angekuwa safarini na mama ndiye aliyepo, huenda jedwali lingekuwa tofauti. Fomu haina nafasi ya kusema "wote wawili". Sasa zidisha hiyo kwa nyumba zote za Nairobi, Mombasa, Nakuru na Eldoret.

22/ Na kuna waliokataa kabisa. Mwaka 2009, mwaka mmoja na nusu tu baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi, zaidi ya watu 600,000 waliandikwa "Wakenya" basi, bila kabila. Naelewa kwa nini. Lakini kwenye jedwali hao wametolewa kutoka kila jamii, na si kwa kiwango sawa. Hilo nalo lilipunguza hesabu za watu.

23/ Sasa swali la mfukoni: inanihusu nini? Kwanza tuondoe uvumi. Jimbo la uchaguzi halichorwi kwa kabila. Katiba, Kifungu cha 89, inaangalia idadi ya wakaazi. Pesa za kaunti pia zinaangalia wakaazi miongoni mwa vigezo vingine. Kwa hayo mawili, ukiitwa Mbukusu au Mluhya haibadilishi kitu. Kinachohitajika ni uhesabiwe.

24/ Lakini kazi ya serikali ni hadithi nyingine. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 7, inasema hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja ya kabila. Swali ambalo tunaliruka: jamii moja ni ipi?

25/ Tufanye mfano wa kubuni. Taasisi ina wafanyakazi 90. Wabukusu 18, Wamaragoli 12, Wanyore 10. Ukiwahesabu kama Waluhya, ni 40, yaani asilimia 44. Sheria imevunjwa. Ukiwahesabu kila mmoja kivyake, kundi kubwa kati yao ni asilimia 20. Sheria imetimizwa. Faili ni moja, watu ni walewale. Weka Kalenjin au Mijikenda hapo, hesabu inacheza vivyo hivyo.

26/ Sasa mtaelewa kwa nini mtu mmoja anaweza kuwa na ndimi mbili. Kwenye mkutano wa hadhara anasema "sisi ni kitu kimoja, tuko milioni sita." Kwenye kikao cha ajira anasema "hawa ni jamii tano tofauti, hamuwezi kutuwekea idadi ya pamoja." Mizani inabadilishwa kulingana na bidhaa. Mkimwona, mwulizeni achague moja.

27/ Kaunti nazo zina yao. Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazini ziende kwa wasio wa jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti. Elgeyo-Marakwet: je, Mkeiyo na Mmarakwet ni jamii moja au mbili? Ukisema moja, hiyo asilimia 30 inatafuta watu wa nje. Ukisema mbili, jirani wa bonde la pili anatosha. Kijana anayesubiri barua ya kazi anajua uzito wa jibu hilo.

28/ Na wadogo ndio wanaoumia zaidi. Waendorois waliondolewa kando ya Ziwa Bogoria miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama. Walipopeleka kesi kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hoja moja ya serikali ilikuwa kwamba hawa si jamii tofauti na Watugen wengine. Yaani kabla ya kuzungumzia ardhi, ilibidi kwanza wathibitishe kwamba wapo. Mwaka 2010 uamuzi ukatangazwa: ni jamii yao wenyewe, na haki zao zilivunjwa.

29/ Katika kesi hiyo walijitaja kuwa watu kama 60,000. Sensa ya 2009 iliwapata takriban 10,000. Mtu anayetaka kuwapuuza ana jedwali la kuinua. Mtu anayewatetea ana hoja ngumu ya kueleza. Kwa jamii kubwa, kupotea kwa watu 50,000 ni makombo. Kwa jamii ndogo hiyo ni sauti yote.

30/ Najua swali litakalokuja: "Basi sensa ni uongo?" La. Jumla ya nchi, wanawake na wanaume, umri, maji, umeme, hayo yanapimwa kwa njia ambayo haitegemei sana mtu anajiitaje. Hesabu ya kabila ni kipimo cha jinsi watu walivyojitambulisha mwaka huo, mbele ya orodha hiyo. Ni habari muhimu. Tatizo ni kuibeba kana kwamba ni mizani ya nyama.

31/ Wengine mtasema tuondoe swali la kabila kabisa. Hoja ina uzito. Matokeo ya kabila ya sensa ya 1999 hayakuchapishwa. Je, ukabila uliisha? Tuliingia miaka ya 2000 na makisio ya kila mtu na ya chama chake, na hakuna aliyeweza kumsahihisha mwenzake. Tena bila hesabu, Mnubi na Msengwer wangetumia nini kudai chao? Mimi naona heri swali libaki, lakini liulizwe vizuri.

32/ Kuuliza vizuri ni vipi? Viwango viwili: kwanza jamii kubwa, kisha jina la ndani, na mtu ajibu moja au yote. Nafasi ya kutaja zaidi ya moja kwa waliozaliwa na wazazi wa jamii mbili. Orodha itangazwe mapema ili watu wajue majina yaliyomo na wapinge kabla, wasisubiri matokeo. Na kila jedwali litoke na maelezo: mwaka huu fulani amehamishwa kutoka hapa kwenda pale.

33/ Hadi siku hiyo ifike, ukitupiwa jedwali kwenye mjadala, uliza maswali matatu tu:
– Hii ni ya mwaka gani, na orodha ya mwaka huo iliwekaje hilo jina?
– Unalinganisha jina kubwa na jina kubwa, au jina kubwa na ukoo?
– Waliotaja jina lingine wako wapi kwenye jedwali lako?
Wengi watanyamaza kwenye la pili.

34/ Sensa ijayo inatarajiwa 2029. Kabla yake mtasikia tena: "Msijigawe, semeni jina moja." Na wengine: "Msimezwe, semeni jina lenu." Wote wanajua ninachowaeleza hapa, ila hawakuambii sababu. Ukishajua sababu, amua mwenyewe. Na mkiwa nyumbani, kubalianeni kabla afisa hajabisha hodi, maana atakayefungua mlango ndiye atakayewaandikisha nyote.

35/ Uzi umeisha. Mwenye swali aulize hapa chini, nitajibu. Mwenye jedwali alete pia, lakini alete pamoja na mwaka wake. Matusi yapeleke kwingine. Mtumie yule ndugu yenu wa "sisi ndio wengi", asome pole pole.